Rebecca Kapigwa Risasi, Sisi Tukashangilia

Mwenzenu Jumamosi nimefika nyumbani saa saba usiku, na si kwa sababu ya sherehe. Ni ugomvi wa kitabu. Ndiyo, kitabu! Watu wazima kumi, wenye kazi zao na watoto wao, tumekaa sebuleni kwa mwenzetu tangu saa kumi jioni. Pilau limeliwa likaisha, juisi ya ukwaju imekauka kwenye jagi, na bado watu wananyoosheana vidole kwa ajili ya mwanamke ambaye hajawahi hata kuwepo duniani.

Kitabu chenyewe kinaitwa Rebecca, kaandika mama mmoja Mwingereza, Daphne du Maurier. Kilitoka mwaka 1938, kwa hiyo msidhani nawaletea habari ya moto. Kundi letu la kusoma lilikichagua kwa sababu za kijinga tu. Mmoja wetu aliokota nakala mbili za mitumba pale mjini, jalada lina mwanamke kavaa gauni refu na jumba kubwa kwa nyuma, akasema hiki lazima ni cha mapenzi, tupumzike na vitabu vya vita. Waliobaki tukakisomea kwenye simu.

Nitaeleza mpaka mwisho, maana ugomvi wetu wote uko huko mwishoni. Anayetaka kukisoma akiwa hajaharibiwa utamu aishie hapa, akakisome, halafu arudi. Sihami.

Haya. Kuna msichana, umri kama miaka ishirini na kidogo, yatima, mfukoni hana kitu. Anafanya kazi ya kumsindikiza mama mmoja tajiri wa Kimarekani, mbea wa kutupwa, huko Monte Carlo. Kazi yenyewe ni kumwandikia barua, kucheza naye karata na kuaibika kwa niaba yake mbele za watu. Jina lake hutalisikia. Soma kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, hatajwi. Hotelini anafika Maxim de Winter, Mwingereza wa miaka 42, mwenye jumba maarufu la pwani linaloitwa Manderley. Mke wake Rebecca amekufa maji, hata mwaka haujatimia. Yule mama tajiri anashikwa na mafua, anajilaza, msichana anapata nafasi ya kuzungushwa kwenye gari, na kufumba na kufumbua anaposwa. Anaposwa mezani, kwenye kifungua kinywa, na mposaji anamwita mjinga papo hapo.

Dada mmoja kundini, yeye yuko benki, alisema hapo ndipo alipotakiwa kubeba begi lake aondoke na bosi wake. Tukacheka sana. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, tulikuwa bado marafiki.

Bibi harusi anafika Manderley, na kila anachokigusa ni cha Rebecca. Chakula kinapangwa alivyopanga Rebecca, maua yanakaa alipotaka Rebecca, anaingiza mkono kwenye mfuko wa koti la mvua anakuta leso yenye herufi R. Kuna msimamizi wa nyumba anaitwa Mrs Danvers, aliyekuwa na Rebecca tangu Rebecca mdogo. Chumba cha marehemu anakitunza kama kaburi la walii: vazi la kulalia liko palepale, brashi za nywele ziko palepale, shuka limetandikwa.

Huyu bibi kila mtu kundini alikuwa na wa kwao. Ukiolewa na mwanaume aliyefiwa na mke, hukosi wifi au dada wa kazi wa siku nyingi wa kukwambia "marehemu nazi alikuwa haikuni hivyo." Na ukewenza na marehemu ni mzigo, jamani. Aliye hai ataunguza wali siku moja na wewe upumue. Aliyekufa hakosei tena.

Kuna mahali paliniuma kuliko mauaji yenyewe. Yule msichana, kwa bahati mbaya, anavunja kasanamu ka kauri. Nyumba ni ya kwake, mume ni wa kwake, hakuna wa kumfukuza. Anaokota vile vipande anavificha ndani ya droo, kama msichana wa kazi mwenye wiki moja tangu atoke kijijini. Mpaka mfanyakazi mwingine anashukiwa ndipo anajitokeza kusema. Mama mmoja, mtu mzima kuliko sote pale, alisema alipofika hapo alifunga kitabu akaenda kukaa barazani. Alipoolewa alivunja birika la chai ukweni, akalifunga kwenye kanga akalificha chini ya nguo zake kwenye sanduku, likakaa humo miezi. Hakutuambia lilivyokuja kujulikana, na hatukumuuliza.

Sasa taharuki. Kuna siku ya ukungu meli inakwama karibu na Manderley. Mpiga mbizi anashuka kuitazama, na huko chini anaikuta boti ya Rebecca. Ndani ya boti mna maiti. Ala! Rebecca si alishazikwa? Si Maxim mwenyewe alikwenda kuutambua mwili wa mkewe ulipookotwa pwani ya mbali, akasema ndiye? Basi Maxim anamkalisha huyu mke mpya na kumfungulia moyo. Rebecca hakuzama. Mimi nilimpiga risasi, kwenye kile kibanda cha ufukweni, nikampakia botini, nikaitoboa boti ikazama. Alikuwa mwovu, anasema. Alikuwa na wanaume. Usiku ule aliniambia ana mimba ya mtu mwingine, na mtoto huyo ndiye atakayeirithi Manderley.

Na huyu msichana, katika yote hayo, anasikia neno moja tu: kumbe hakumpenda Rebecca! Mumewe amemwambia ameua, na yeye moyo unakuwa mwepesi kama wa mtu aliyepata majibu mazuri hospitali. Kuanzia hapo kazi yake ni moja, mume asikamatwe.

Na mimi nilifurahi naye. Nilikuwa kwenye daladala ya kwenda Mbezi, nimesimama, mkono mmoja kwenye bomba, mwingine na simu, nikatabasamu peke yangu mpaka konda akanitazama. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Basi, maoni. Wapo waliokipenda kwa moyo wote, na wengi wao waliuona mpango mzima kama mapenzi yaliyovuka mtihani. Kaka mmoja mwalimu ndiye aliyekuwa wakili wao. Hoja yake haikuwa ndogo. Mwishoni inagundulika kwamba Rebecca hakuwa na mimba. Alikuwa na saratani, daktari wa London alishamwambia hana muda mrefu, na maumbile yake yalikuwa hayamruhusu kuzaa kabisa. Kwa hiyo, anasema kaka mwalimu, yule mwanamke alijua anakufa, akamchokoza mume kwa makusudi ili amuue, yeye asife kwa maumivu na mume abaki na damu mikononi. Maxim katumiwa tu. "Yeye ndiye mhanga," akasema, na kijiko cha pilau mkononi.

Dada wa benki hakutaka hata kusikia. Kwake Maxim ni muuaji mwenye shamba kubwa, na ukimwondolea shamba hilo hakuna ambaye angemwonea huruma. Anatusomea pale mahali ambapo hakimu wa eneo, Kanali Julyan, rafiki wa familia, anayeshawahi kula mezani kwa Maxim, anaonekana kabisa ameelewa kilichotokea, na anachagua kunyamaza. Mbona yule binamu wa Rebecca, mlevi asiye na kwao, akiusema ukweli uleule anaonekana takataka? Hapo dada alikuwa na pointi, na kaka mwalimu akawa anatafuta maji ya kunywa.

Waliokichoka nao walikuwepo, wawili. Wanasema nusu ya kwanza ni maua, chai na mtu kuogopa watumishi. Siwalaumu sana. Sisi tuliolelewa na riwaya za Musiba, Willy Gamba anapokea simu mapema tu na mambo yanaanza, kungoja nusu kitabu ili meli ikwame ni kazi. Ila mmoja wa hao wawili alikiri aliruka sura tatu, kwa hiyo maoni yake nayaweka pembeni.

Na kulikuwa na kijana mmoja aliyesema mhusika pekee mwenye msimamo kitabu kizima ni Mrs Danvers. Tukamzomea. Lakini fikirieni kidogo: nani mwingine ndani ya jumba lile anamlilia yule aliyekufa?

Mimi nilikwenda pale nikiwa upande wa kaka mwalimu. Nilikuwa hata nimeandaa maneno. Nilichotoka nacho ni tofauti, na kilianza na swali la dada wa benki, alilouliza bila hata kupaza sauti: haya mnayoyajua kuhusu Rebecca, nani kawaambia?

Tukaanza kuhesabu. Kwamba alikuwa mwovu tangu siku tano baada ya harusi, kasema Maxim. Kwamba alicheka, kwamba alisimama vile, kwamba alisema kuhusu mtoto na urithi, kasema Maxim. Usiku wa mauaji walikuwa watu wawili kibandani, mmoja akatoka. Kila tunachokijua kuhusu usiku ule kimetoka kwenye mdomo wa aliyeshika bastola, na kimetufikia kupitia kwa mwanamke anayempenda mpaka kupumua anapumua kwa shida.

Tuwe wakweli, wapo mashahidi wengine. Mrs Danvers mwenyewe, aliyemwabudu, anasema Rebecca aliwacheka wanaume wote na mapenzi kwake yalikuwa mchezo. Kuna Ben, yule mtu mwenye akili ya kitoto anayeokota makombe ufukweni, yeye alimwogopa, na inaonekana Rebecca alimtishia kumpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili. Kwa hiyo sitaki kumgeuza malaika. Kama nusu ya yale ni kweli, nisingependa awe jirani yangu. Lakini weka yote kwenye mizani, uongeze na uchokozi wa usiku ule kama ulikuwepo, na uniambie ni lipi kati ya hayo adhabu yake ni risasi. Sisi tulikuwa tumeshakubali. Tulikubali kabla ya daktari wa London, kabla ya habari ya saratani, kabla ya ushahidi wowote. Tulikubali mara tu tulipoambiwa alikuwa na wanaume.

Hapa nirudi mtaani kwetu, mnivumilie.

Nikiwa kidato cha nne, jirani yetu, mama wa watoto wawili, aliuawa na mumewe. Sitataja mtaa wala mwaka, watoto wake sasa ni watu wazima na wana haki ya kutosomwa na nyie. Mimi nilikuwa miongoni mwa wasichana waliopewa kazi ya kugawa chai msibani. Unapita chini ya turubai na sinia, kwa hiyo unasikia kila kitu. Upande wa wanaume nilisikia, upande wa wanawake nilisikia zaidi. Alikuwa anarudi usiku. Simu yake alikuwa haiachi mezani. Mdomo alikuwa nao. Yule baba alikuwa mpole, jamani, mpaka mtu afike hapo ujue kasukumwa. Kwetu marehemu hasemwi vibaya, tunafundishwa tangu watoto, hata mwizi akifa tunasema alikuwa mcheshi. Yule mama alisemwa na mwili wake bado uko mochwari.

Na mimi, na sinia langu, shangazi mmoja aliponiuliza, "Eti mwanangu, ninyi majirani mlikuwa mnaonaje?" nikajibu: "Kwa kweli naye alikuwa na maneno." Nilikuwa na miaka kumi na saba. Yule mama aliwahi kunisuka nywele bure nilipokuwa nakwenda kwenye mahafali. Nilisema vile kwa sababu nilitaka kuonekana mtu mzima anayeelewa mambo ya ndoa.

Jumamosi, dada wa benki alipouliza swali lake, ndipo nilipoikumbuka ile sauti yangu. Maneno niliyokuwa nimeyaandaa ya kumtetea Maxim yalikuwa karibu yaleyale. Nimeongeza tu Kiingereza na jumba.

Wala si kwetu peke yetu. Januari 2024 wenzetu Kenya waliingia barabarani Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake, na mnaokumbuka siku zile mnakumbuka pia maswali yaliyokuwa yanaulizwa: alikwenda pale kufanya nini, kwa nini alimfuata, alikuwa anatafuta nini. Maswali yote yanaelekezwa kwa yule asiyeweza kujibu.

Kaka mwalimu aliponisikia naelekea huko alinikatiza, na nitamtendea haki kwa kuandika alichosema. Alisema riwaya si mahakama. Ukianza kumpima kila mhusika kwa sheria za nchi, utabaki unasoma vitabu vya upishi. Mwandishi kamweka msomaji ndani ya kichwa cha yule msichana, msomaji anayekataa kukaa humo anasoma kitabu kingine. Kufurahi pale unapotakiwa kufurahi si kosa, ni ustadi wa mwandishi.

Nakubali. Sitakirudisha kitabu mitumbani, na sitaki mtu yeyote aone aibu kwa kukesha nacho. Kinachonisumbua ni kile tulichokifanya baada ya kukifunga. Tulipoulizwa kwa nini tulimsamehe Maxim, hakuna aliyesema "mwandishi kanichezea akili." Kila mtu alianza kutoa sababu. Na sababu zilitoka haraka, zimeshapangwa, kama mtu anayezitumia kila siku.

Tena nikakaa nikafuatilia, nikakuta hata huyo du Maurier hakuwa na nia tunayomsingizia. Mchapishaji wake, Victor Gollancz, ndiye aliyekinadi kama hadithi ya mapenzi, mwenyewe alisema kinahusu wivu. Na wivu aliujua. Mume wake, mwanajeshi, aliwahi kuchumbia mwanamke mwingine kabla yake, na barua za yule mwanamke Daphne alizikuta. Kitabu alianza kukiandika Alexandria, Misri, mume akiwa kikazi huko, yeye anachukia joto na kuota nyumba za kwao. Ukikisoma ukiwa unalijua hilo, pale kwenye kibanda panageuka. Huyu ni mwandishi anayetuonyesha wivu unavyoweza kumziba mtu masikio, mpaka neno "nimeua" likapita na neno "sikumpenda" likabaki.

Wenye filamu nao wameongeza mchanganyiko. Hitchcock alipoitengeneza mwaka 1940, filamu ikachukua Oscar ya filamu bora, sheria za Hollywood za wakati ule zilikuwa hazimruhusu mume kumuua mke halafu akatoka salama. Wakafanyaje? Rebecca akaanguka mwenyewe akagonga kichwa. Ajali! Maxim akawa kosa lake ni kuficha mwili tu. Kwa hiyo wale wawili kundini waliotazama filamu badala ya kusoma, na walibisha kwa sauti kuliko wote, walikuwa wanamtetea mtu ambaye kweli hakuua. Tulikuja kugundua saa nne usiku. Ile ya Netflix ya mwaka 2020 imerudisha risasi, lakini ikamalizia kwa kuwapeleka wapenzi wetu Cairo wanakumbatiana, kama vile wametoka kushinda bahati nasibu.

Kitabu hakina Cairo. Na hili ndilo waliokipenda kama hadithi ya mapenzi wamelisahau, maana liko mwanzoni kabisa, kabla hujawajua watu wenyewe. Maxim na mkewe wanaishi nje ya nchi, hoteli hadi hoteli, za kawaida tu. Manderley imeungua. Mke anamsomea mume matokeo ya kriketi kwenye magazeti yaliyochelewa kufika, anachagua habari za kumsomea na za kumficha, wasije wakagusa walikotoka. Mume anamtegemea kama mgonjwa. Msichana aliyekuwa anamsindikiza mama tajiri sasa anamsindikiza mwanaume. Mshahara ndiyo hakuna. Dada mmoja aliyekuwa anasisitiza kwamba "walipata furaha yao" tulimwomba asome tena kurasa zile kwa sauti. Akasoma. Alipomaliza akasema, "Mimi hapa nilikuwa nawahi kufika kwenye harusi."

Kwa hiyo mkiniuliza kitabu nakipa ngapi, nakipa nyingi, na nitakisoma tena mwakani nione kama nitatabasamu palepale. Nina wasiwasi nitatabasamu. Kimeandikwa vizuri mno.

Mnijibu jambo moja tu, kwa sababu sisi tulishindwa. Ilikuwa inakaribia saa sita, watu wanatafuta viatu mlangoni, yule mama wa birika akauliza akiwa bado amekaa: "Na yule mwingine ni nani?" Yupi, mama? "Yule aliyezikwa kwanza. Si mlisema huyo baba alikwenda kutambua mwili akasema ni wa mkewe, ukazikwa kwenye makaburi ya ukoo wao? Na mkewe alikuwa ndani ya boti muda wote. Sasa yule aliyezikwa ni mtoto wa nani?"

Tukarudi ndani. Kaka mwalimu akafungua kitabu, dada wa benki akafungua simu yake, wakatafuta. Kuna maiti ya mwanamke iliyookotwa pwani, haijulikani, haijadaiwa, Maxim anajua fika si Rebecca, anasema ndiye, biashara imeisha. Hana jina, kama yule msichana. Huenda mahali fulani kuna mama yake anayemngoja. Rebecca halisi alipopatikana, uchunguzi ukafanyika, watu wakahojiwa mpaka mjenga boti, lakini yule wa kwanza hakuna aliyesimama kumwulizia. Watu kumi, tumesoma kitabu kizima, wengine mara mbili, tumegombana saa nane mfululizo kuhusu haki na dhambi, na hatukuwa tumemwona.

Mama akavaa viatu vyake akaondoka na bodaboda. Sisi tulibaki pale hadi saa saba kasoro, na hata mwenye nyumba hakutufukuza.